Kuteswa, Kuteseka, Kujitolea: Lugha ya Mateso na Sala katika Ukatoliki wa Pwani ya Mrima

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kilivyobeba fundisho la Kikatoliki kuhusu mateso na sala katika pwani ya Mrima, tangu kuanzishwa kwa misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 hadi enzi ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Inadaiwa kwamba lugha ya sala iliwapa waumini nguvu pale ilipowaruhusu kumtaja aliyewatesa na, wakati huohuo, kuyafanya mateso yao kuwa tendo lao wenyewe. Pale mtesaji alipoondolewa katika sentensi, sala ileile iliweza kumfaa mwenye mjeledi kuliko mwenye jeraha. Ushahidi unatoka katika msamiati wa sala, simulizi ya Swema, mapokeo ya tendi na historia ya kazi ya manamba.

Utangulizi

Kitenzi tesa kina uzao mkubwa. Hutoa mateso na mtesaji. Katika kauli ya kutendwa huwa teswa, na katika kauli ya kutendeka huwa teseka. Tofauti ya kauli hizi mbili hufundishwa mapema katika sarufi na kusahauliwa mapema vilevile, ilhali athari yake katika fikra si ndogo. Anayesema "fulani ameteswa" ameacha nafasi katika sentensi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Anayesema "fulani anateseka" ameifunga nafasi hiyo. Mateso yamekuwa hali, kama homa au ukame, na hakuna wa kuulizwa.

Kanuni ya Imani wanayoisali Wakatoliki wa Kiswahili imechagua kauli ya kwanza. Kristo aliteswa, na mara baada ya kitenzi hicho anatajwa Ponsyo Pilato, liwali wa Kirumi katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Ni jambo la kustaajabisha, likitazamwa kwa utulivu, kwamba ungamo la imani linalotaja watu wachache kiasi hicho limempa nafasi ofisa wa dola. Muumini wa Pangani au Korogwe aliyelikariri ungamo hilo chini ya utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, alikuwa akitamka kila mara kwamba mateso ya Mungu wake yalikuwa na mhusika, na kwamba mhusika huyo alikuwa mtawala.

Tafiti za fasihi ya Mrima zimejikita zaidi katika tendi za Kiislamu, na hilo linaeleweka: Wakatoliki wa eneo hili wamekuwa wachache, wakiishi kati ya Waislamu wa mwambao, Waanglikana wa Magila na Walutheri wa Usambara. Lakini uchache huo ndio unaoifanya lugha yao istahili kuangaliwa. Haikuweza kujijenga peke yake. Ilikopa, ikapindua, ikabuni, na katika maneno iliyoyapata ndipo mvutano kati ya kuvumilia na kukataa unapoonekana.

Subira kabla ya misheni

Mapadre wa kwanza kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1860. Shirika la Roho Mtakatifu lilichukua misheni hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 likavuka kwenda Bagamoyo. Hawakukuta pwani isiyo na lugha ya mateso. Walikuta subira, dua, toba, rehema, neema na sadaka, maneno yaliyokwisha kukomaa katika vinywa vya Waswahili kwa karne kadhaa. Walikuta pia mapokeo ya kishairi yaliyoyapa maneno hayo mwili. Utenzi wa Ayubu ulisimulia habari za mja aliyepotelewa na mali, watoto na afya, akahudumiwa na mkewe, ambaye mapokeo ya Kiislamu humwita Rehema. Na kwa upande wa Tanga, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mshairi ambaye kazi zake zilikuja kuhaririwa na J. W. T. Allen, alitunga utenzi juu ya Seyyidna Huseni bin Ali, aliyeuawa Karbala akiwa na kiu na wafuasi wachache.

Kuna mazoea ya kuigawa pwani hii kirahisi: Uislamu ukiwa dini ya subira inayonyamaza, Ukristo ukiwa dini ya msalaba unaosema. Mgawanyo huo hauna msingi. Ayubu wa Kurani humwita Mola wake na kumweleza kwamba madhara yamempata. Subira yake ina sauti. Na Hemedi huyohuyo aliyemlilia Huseni alitunga pia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambamo watesaji wa watu wa pwani wanatajwa waziwazi. Methali ya "subira yavuta heri" haikumzuia mshairi wa Tanga kusema nani alifika na mizinga. Kwa hiyo Wakatoliki waliporithi neno subira hawakurithi ububu. Kama ububu ulikuja, ulikuja kwa njia nyingine.

Namna walivyourithi msamiati huo inahitaji maelezo kidogo. Karl Roehl, mmisionari Mlutheri aliyefanya kazi Usambara na kuandika sarufi ya Kisambaa, alitoa mwaka 1937 tafsiri ya Biblia iliyokusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Wakatoliki hawakwenda njia hiyo. Walibaki na sala na kitenzi chake sali, walibaki na msalaba, na hawakuona haya kuitumia sadaka kwa Misa yenyewe, ingawa kwa kufanya hivyo walilihamisha neno kutoka kwenye fungu la maskini hadi kwenye altare. Neno la Kiarabu liliwekwa katika kinu cha mofolojia ya Kibantu na kutoka na sura mpya. Mfano mzuri kuliko yote ni kitubio. Mzizi wake ni tubu, wa toba. Umepewa kauli ya kutendea, kisha kiambishi ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama kifungio au kifunguo, hivyo neno linabeba maana ya kitu ambacho kwacho mtu hutubu. Mwislamu wa Pangani angelitambua shina lake papo hapo, lakini jengo lililosimama juu ya shina hilo ni la Kikatoliki kabisa. Charles Sacleux, padre wa shirika hilo aliyefika Zanzibar mwaka 1879, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyasikiliza maneno ya lahaja mbalimbali za pwani, Kimrima kikiwamo. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941.

Swema na kiambishi cha yambwa

Simulizi maarufu kuliko zote za mateso na sala katika historia ya misheni hizi ni ya binti wa Kiyao aitwaye Swema. Ilichapishwa Paris mwaka 1870 na Monsinyori Gaume, kutokana na maelezo ya Padre Antoine Horner, mkuu wa misheni ya Zanzibar. Zaidi ya karne moja baadaye Edward Alpers (1983) aliichambua kama ushahidi wa udhaifu wa nafasi ya wanawake katika karne ya 19, na Paul Kollman (2005) akaiweka katika historia pana ya uinjilishaji wa watumwa.

Baada ya kifo cha baba yake, mama wa Swema alishindwa kulipa deni la nafaka. Mdai alimchukua mtoto na kumuuza kwa msafara wa wafanyabiashara wa utumwa. Mama hakukubali kutengana naye. Aliomba kufuata msafara huo, akabeba mzigo, na njiani kuelekea Kilwa nguvu zikamwishia akaachwa afe. Swema alifikishwa Unguja akiwa amedhoofika hata akadhaniwa maiti, akafungwa katika mkeka na kufukiwa katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja aliyepita akasikia mlio wake, akamfukua, na akapelekwa kwa masista wa misheni. Huko alipona, akafundishwa sala, akabatizwa.

Kilele cha simulizi si kufukuliwa kwake. Baadaye majeruhi waliletwa misheni baada ya mapigano, na kati yao Swema akamtambua mmoja wa watu waliohusika na safari ile. Alitakiwa kumhudumia. Hakuweza. Alikwenda kusali Sala ya Bwana na akakwama katika ombi la msamaha. Pambano lake na ombi hilo ndilo lililomwezesha hatimaye kurudi kwenye kitanda cha mtu yule.

Hapa sarufi ina la kusema. Simulizi imetufikia kwa Kifaransa, lakini sala aliyofundishwa binti huyu katika lugha ya pwani isingeweza kukwepa sharti moja: kitenzi samehe kikielekezwa kwa mtu hudai kiambishi cha yambwa. Husemwi umesamehe tu, umemsamehe, umewasamehe. Na walio upande wa pili wa sentensi, katika Baba Yetu ya Kikatoliki, ni waliotukosea: kirejeshi, kitenzi, na sisi ndani yake tukiwa tumetendewa. Mtu aliyefundishwa kusema kwamba yeye "anateseka" hana wa kumsamehe. Sala iliyomtaka Swema asamehe ilimtaka kwanza akubali kwamba kulikuwa na mtu, kwamba mtu huyo alifanya jambo, na kwamba jambo hilo lilikuwa kosa. Nguvu aliyoipata ilipita katika shitaka.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Injili ya Mathayo, katika Biblia ya muungano ya mwaka 1952, hutumia neno deni mahali ambapo sala ya Kikatoliki hutumia makosa. Kwa binti aliyeuzwa kwa sababu ya nafaka isiyolipwa, deni lisingekuwa sitiari.

Simulizi hii haistahili kusomwa bila tahadhari. Gaume aliwaandikia wafadhili wa Ulaya. Mtesaji wa kitabu chake ni Mwarabu, mwokozi ni mmisionari, na msomaji wa Paris anaalikwa kutoa fedha. Kwamba soko la utumwa la Unguja lilikuwa na wadau wengi, wakiwamo Waafrika wa bara waliouza majirani zao na wafanyabiashara wa nje walionunua karafuu na pembe, si jambo ambalo kitabu cha aina hiyo kingelikalia kwa muda mrefu.

Kukomboa

Bagamoyo ilijengwa juu ya kitenzi komboa. Katika maisha ya pwani kukomboa ni kutoa mali ili kitu au mtu aliyewekwa rehani arudi. Misheni ilitumia fedha kununua watumwa na kuwaita waliokombolewa. Baadaye ilipokea pia wale waliokamatwa kutoka katika majahazi na meli za doria za Uingereza. Kristo alihubiriwa kwa neno hilohilo: Mkombozi. Mara chache katika historia ya lugha hii neno la kiteolojia na neno la hati ya malipo yamekaribiana kiasi hicho.

Lakini aliyekombolewa alikwenda wapi? Kollman ameonyesha kwamba watoto na vijana wa Bagamoyo waliwekwa chini ya ratiba kali ya sala, darasa na kazi za shamba, na kwamba waliofunga ndoa walipewa makazi katika kijiji cha Kikristo ambako uhuru wao ulikuwa na mipaka iliyowekwa na mapadre. Wengine walitoroka. Mzizi tuma, unaotoa mtumwa, hutoa pia mtume na mtumishi, na umbali kati ya maneno hayo matatu, ambao katika kamusi ni silabi moja au mbili, katika kijiji cha misheni ulipaswa kupimwa kila siku. Mtu aliweza kuamka mtumishi wa Mungu na kulala akijiuliza kama si mtumwa wa padre.

Mapadre nao hawakuwa watazamaji. Kipindupindu kilipita pwani mwaka 1869 na 1870, na kimbunga cha Aprili 1872 kiliyabomoa majengo ya misheni. Wengi wao walikufa vijana kwa homa. Kwa mtazamo wao, mateso yao na ya watoto waliowalea yalikuwa mkondo mmoja ulioingia katika mateso ya Kristo. Ni mtazamo wenye heshima yake, na pia wenye hatari. Homa haina mtesaji. Msafara wa watumwa unaye. Aliyeyaweka yote mawili katika kapu moja la "misalaba" alikuwa ameshaanza kuhama kutoka teswa kwenda teseka, pengine bila kujua.

Mwaka 1888 na 1889, wakati Abushiri bin Salim wa Pangani na wenzake walipopigana na Wajerumani, misheni ya Bagamoyo iliachwa bila kushambuliwa, na watu wengi waliokimbia mapigano walipata hifadhi ndani ya uzio wake. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Waliokimbilia misheni walikuwa Waislamu na wasio Waislamu, na uwanja uliojengwa kwa ajili ya waliokombolewa na Wakristo ukawa kwa miezi kadhaa mahali pa watu ambao hawakuombwa kutubu chochote. Pengine hakuna hubiri la karne hiyo lililoeleweka vizuri zaidi Mrima kuliko lango hilo lililoachwa wazi.

Kipande

Kaskazini zaidi, historia ilichukua mkondo mwingine. Watrapisti kutoka Mariannhill walianzisha misheni ya Gare, Usambara, mwaka 1897, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na kazi zao Tanga mjini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo lilikabidhiwa Shirika la Mapendo, yaani Warosmini. Mwaka 1950 Tanga ikawa prefektura ya kitume, na mwaka 1958 jimbo kamili, Askofu Eugène Arthurs akiwa wa kwanza.

Warosmini walikuja na urithi wao wa mateso, wa aina ambayo haizungumzwi sana mimbarini. Mwanzilishi wao, Antonio Rosmini (1797–1855), aliandika kitabu juu ya madonda matano ya Kanisa Takatifu. Kilichapishwa mwaka 1848, na mwaka uliofuata kikatiwa katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na Kanisa lenyewe. Rosmini alitii. Mwaka 2007 alitangazwa mwenye heri huko Novara. Huyu, basi, ni mtu aliyeumizwa na wakubwa wa nyumba yake mwenyewe, akaongeza sala badala ya maneno. Utii wake unaweza kusomwa kama kielelezo cha subira. Hata hivyo kitabu hakikuandikwa na mtu mnyamavu: kiliyahesabu madonda moja baada ya jingine na kueleza yalitoka wapi.

Tanga waliyoikuta Warosmini ilikuwa Tanga ya mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kati ya vichipukizi elfu moja vilivyosafirishwa, 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai, na kutokana na hivyo yakaenea mashamba kutoka Pangani hadi Muheza, Korogwe na kwingineko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, nyingi zikitoka mkoa huu. Waliokata majani hayo walitoka mbali: Wangoni na wenzao wa Songea, Waha wa Kigoma, watu wa Ruanda-Urundi. Wengi wa waliotoka Songea walikuwa wamebatizwa na Wabenediktini wa Peramiho, na wengi wa magharibi walikuwa wamefundishwa na Wamisionari wa Afrika. Hivyo Ukatoliki wa bonde la Pangani katikati ya karne ya 20 ulikuwa kwa sehemu kubwa Ukatoliki wa kambi: imani iliyosafiri na watu, ikasaliwa kwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya pamoja.

Lugha ya kambi ilikuwa na msamiati wake wa mateso. Mfanyakazi wa mkataba aliitwa manamba, kwa kuwa alijulikana kwa namba. Siku zake zilihesabiwa katika kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi aliyopangiwa haikukamilika haikuandikwa, na mshahara ulisubiri kipande kijae. Subira hapa ilikuwa sharti la malipo. Ndipo mahubiri ya uvumilivu yalipoweza kutumika vibaya kwa urahisi kabisa, kwani aliyeambiwa avumilie kwa ajili ya mbingu alikuwa pia, bila gharama ya ziada, mkata mkonge mtulivu. Haihitajiki kudai kwamba mapadre walikula njama na mabwana shamba. Inatosha kuona kwamba sentensi "wafanyakazi wanateseka" iliweza kutamkwa mezani kwa meneja bila kijiko kuanguka. Sentensi "wafanyakazi wanateswa" isingeweza.

Hata hivyo mtu wa kambini alikuwa na hesabu nyingine mkononi, na ilifanana na kipande kwa umbo huku ikipingana nacho kwa maana. Rozari nayo huhesabiwa, punje kwa punje, hadi ijae. Lakini hakuna mnyapara anayeisahihisha, na Salamu Maria iliyosaliwa kwa uchovu haikatwi. Ulinganisho huu usivutwe kupita uwezo wake. Unataka kuonyesha tu kwamba mtu aliyepewa namba badala ya jina alikuwa na zoezi la kila jioni ambamo siku yake ilihesabika hata kama kwenye kadi haikuandikwa.

Matendo ya uchungu

Rozari ndiyo inayotoa ushahidi mzito zaidi. Kile ambacho Kilatini hukiita fumbo, Kiswahili cha Kikatoliki hukiita tendo: Matendo ya Furaha, Matendo ya Uchungu, Matendo ya Utukufu, na tangu mwaka 2002 Matendo ya Mwanga. Uteuzi huu wa neno hauna budi kushangaza. Katika Matendo ya Uchungu Kristo anatoka jasho la damu, anapigwa mijeledi, anatiwa taji la miiba, anabebeshwa msalaba, anakufa. Karibu kila kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Lakini jina la jumla linasema tendo. Anayetendewa ndiye anayetenda. Fundisho ambalo teolojia ya Ulaya huhitaji kurasa nyingi kulieleza, kwamba Mteswa aliyatoa maisha yake mwenyewe na hakunyang'anywa, limewekwa hapa katika nomino moja ambayo mama wa Muheza huitamka mara tano kwa jioni moja.

Na neno la pili halipungui uzito. Uchungu ni ladha ya shubiri, ni huzuni, ni maumivu ya mwanamke anayejifungua, na ni pia ile hali ya kujali inayomfanya mtu asitulie mali au nduguye anapoharibiwa, kama tunavyosema kwamba mzazi ana uchungu na mwanawe. Huzuni peke yake haizai. Uchungu, katika mojawapo ya maana zake za kila siku, ni wa kuzaa, na una mwisho. Wanawake ndio nguzo ya sala za jumuiya ndogondogo na za WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, na si lazima kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba neno hilo linawahusu wao kwanza.

Kando ya tendo limesimama neno jingine, majitoleo. Mofimu -ji- ndiyo kiini chake. Katika toa kuna mtoaji na kitu. Katika jitoa mtoaji na kitu ni mmoja. Katika jitolea anaongezwa yule ambaye kwa ajili yake hayo yote hufanyika. Muumini anayeyatoa mateso ya siku yake asubuhi anapita kutoka kauli ya kutendwa hadi kauli ya kujitendea. Huu ndio mwendo ambao barua ya kitume ya Yohane Paulo II juu ya maana ya mateso, iliyotolewa Februari 1984, iliueleza kwa upana. Na inafaa kukumbushwa kwamba barua hiyohiyo ilitenga sura nzima kwa Msamaria Mwema, ambaye hakumshauri majeruhi wa barabarani ayatoe maumivu yake kwa Mungu. Alimfunga vidonda na kumlipia chumba.

Hatari iko katika mpangilio wa vitenzi. Kujitolea kunakofuata kuteswa ni uhuru. Kujitolea kunakowekwa mahali pa kuteswa, ili neno la pili lisitamkwe, ni jambo jingine kabisa. Na Kiswahili cha siku hizi kinalijua jambo hilo vizuri, kwa kuwa kitenzi hichohicho ndicho kinachotumika kwa mfanyakazi asiyelipwa. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Dodoma aliyeichukua bahari ya utenzi na kuipa Injili katika miaka ya 1960, alilazimika kwa kanuni ya utanzu wenyewe kusimulia nani alifanya nini, kwa kuwa utenzi ni masimulizi na masimulizi hayaendi bila watendaji. Sala fupi haina kinga hiyo. Huweza kusaliwa maisha yote bila mtendaji hata mmoja.

Vituo

Njia ya Msalaba ina vituo 14. Neno kituo linatokana na tua, kushusha mzigo. Kwenye njia za misafara zilizoishia Bagamoyo, kituo kilikuwa mahali ambapo wapagazi walitua pembe na vitambaa, wakapika, wakalala. Na jina la mji huo limefasiriwa kwa muda mrefu kwa kitenzi bwaga, wengine wakisikia ndani yake pumziko la mpagazi na wengine kukata tamaa kwa mtumwa. Ubishi huo hauhitaji kuamuliwa hapa. Mama wa Swema hakufika kwenye kituo chake. Yatosha kwamba ibada iliyozaliwa Yerusalemu na kukuzwa Ulaya ilipofika Mrima ilipewa neno la watu waliobeba mizigo kwa miguu.

Katika ibada hiyo kituo cha tano ni cha Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekuwa akitoka shambani. Injili ya Marko inawataja wanawe wawili, Aleksanda na Rufo, kama watu waliojulikana kwa wasomaji wake. Simoni hakuomba kuubeba msalaba, wala hakuna mwinjili anayesema kwamba alifurahi. Kitenzi chake ni lazimishwa, kauli ya kutendesha iliyotiwa katika kutendwa, na wanaomlazimisha ni askari. Mapokeo ya baadaye yamemfanya mfano wa mwenye kujitolea, na mahubiri mengi ya Kwaresima hupita haraka kutoka kwa kulazimishwa kwake hadi kwa utakatifu wake. Ibada yenyewe haina haraka hiyo. Msomaji hutangaza kituo, waumini hupiga goti, husikiliza kwamba mtu huyu alikamatwa na kutwishwa mzigo usio wake, husali, huinuka, kisha huendelea na cha sita.